Hesabu, sayansi au mashine: uanze na lipi kabla ya mtihani wa mchujo?

Tangazo la usaili likishatoka, siku hazingoji. Mtu aliyeko Dodoma anayeomba kazi ya fundi msaidizi, ya msoma mita au ya kuendesha mitambo, au anayetaka nafasi kwenye chuo cha ufundi kinachochuja waombaji kwa mtihani, anajikuta na wiki chache tu na mada tatu mezani: hesabu za msingi, sayansi ya jumla na maarifa ya mashine. Wengi hufungua kitabu cha hesabu ukurasa wa kwanza, wakakwama kwenye hesabu za sehemu, wakachoka. Siku tatu za mwisho wanameza sayansi yote kwa mkupuo, na mashine hawazigusi kabisa. Huo ndio mpangilio mbaya kuliko yote. Mada hizi tatu hazisomwi kwa namna moja, na saa moja ya kusoma hailipi sawa katika kila moja.

Tuanze kuzilinganisha kwa muda. Maswali mengi ya mfano yaliyojaa mtandaoni yametokana na ASVAB, mtihani wa kuingia jeshi la Marekani, ambao una sehemu zote hizi. Katika toleo lake la karatasi, hesabu za mafumbo ni maswali 30 kwa dakika 36, mashine ni maswali 25 kwa dakika 19, na sayansi ni maswali 25 kwa dakika 11. Ukigawanya, swali la hesabu lina sekunde 72, la mashine takribani 46, la sayansi 26 tu. Mtihani utakaoukuta hapa kwetu unaweza kuwa na idadi nyingine na muda mwingine, lakini tofauti ile ina la kukufundisha. Hesabu hupewa muda kwa sababu kila swali lina hatua mbili tatu. Sayansi mara nyingi haina cha kukokotoa: unalijua jibu au hulijui, na kulikodolea macho hakusaidii. Mashine ziko katikati, maana unatazama mchoro, unakumbuka kanuni moja, unamalizia kwa hesabu ndogo.

Kabla hujachukua maswali hayo ya Marekani kama mazoezi, jua kwamba yamejaa futi, inchi, paundi na joto la Fahrenheit. Chagua yale yanayouliza kanuni (gia inageuka upande gani, kamba ngapi zinabeba mzigo) na uyaache yanayokulazimisha kugeuza vipimo ambavyo hutaviona siku ya mtihani.

Hesabu: hupanda polepole, lakini hubeba nyingine mbili

Kinachoulizwa si hesabu ngumu. Ni sehemu, desimali, asilimia, uwiano, wastani, mwendokasi, eneo, ujazo, na mlinganyo wenye herufi moja isiyojulikana. Yote haya ni ya shule ya msingi na kidato cha kwanza na cha pili. Ugumu ni kwamba mara nyingi kikokotoo hakiruhusiwi, saa inakimbia, na majibu ya kuchagua yametegwa.

Tazama MAGAZIJUTO. Kila aliyepita shule ya msingi Tanzania anaijua: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sasa fanya 10 − 4 + 3. Anayefuata herufi kama zilivyopangwa anajumlisha kwanza, 4 na 3 ni 7, kisha anatoa 7 kwenye 10 na kupata 3. Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, kwa hiyo unakwenda kutoka kushoto na kufanya kilichotangulia. Kugawanya na kuzidisha navyo vina cheo kimoja, ila hapo neno hilo halikudhuru: 24 × 6 ÷ 3 ukigawanya kwanza ni 48, na ukitoka kushoto ni 48 vilevile. Hatari iko kwenye herufi za mwisho, JU na TO. Mtunga swali anaijua, na ile 3 utaikuta imekaa kwenye herufi A au B ikikusubiri.

Mtego huo ni kielelezo cha mtihani mzima. Majibu ya uongo hayaokotwi tu, kila moja ni zao la kosa linalofahamika. Ukilijua kosa lenyewe, unalitambua jibu la uongo hata kabla ya kumaliza kukokotoa.

Swali la mwendokasi ni hivyohivyo. Gari limekwenda kilometa 120 kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa kilometa 40 kwa saa. Mwendokasi wa wastani ni upi? Mkono unakimbilia 50. Lakini kwenda ni saa 2 na kurudi ni saa 3, jumla kilometa 240 kwa saa 5, yaani 48. Muda uliotumika kwenye mwendo mdogo ni mrefu zaidi, ndiyo maana wastani unavutwa chini.

Kwenye asilimia watu hukosea kwa kutojua asilimia inachukuliwa kwenye kiasi kipi. Gunia la shilingi 50,000 likipanda asilimia 20 linafika 60,000. Likishuka asilimia 20 halirudi 50,000, linashuka hadi 48,000, kwa sababu mara ya pili asilimia imechukuliwa kwenye 60,000. Risiti yenye VAT ya asilimia 18 ina kosa lilelile: jumla ikiwa 118,000 na VAT imo ndani, bei ya bidhaa ni 118,000 ÷ 1.18, yaani 100,000. Anayechukua asilimia 18 ya 118,000 na kuitoa anapata 96,760, na bila shaka namba hiyo nayo ipo kwenye majibu.

Uwiano kinyume unataka swali moja tu la kujiuliza kabla ya kuandika: kimoja kikiongezeka, kingine kinaongezeka au kinapungua? Mafundi 6 wakijenga ukuta kwa siku 8, mafundi 4 watatumia siku 12, kwa sababu kazi yote ni siku-fundi 48. Mabomba mawili yanajaza tangi lilelile, bomba moja kwa saa 3, lingine kwa saa 6; yakifunguliwa pamoja hujaza kwa saa 2. Ukipata jibu kubwa kuliko 3 umekosea, maana bomba la pili haliwezi kulichelewesha la kwanza.

Na kuna kosa la saa, linalowaumiza watu waliozoea saa za Kiswahili. Basi limeondoka 08:45, limefika 14:10. Mtu anageuza ya kwanza kuwa saa 2:45, anasahau ya pili, anatoa 2:45 kwenye 14:10 na kupata saa 11 na dakika 25. Safari ni ya saa 5 na dakika 25. Geuza zote au usigeuze hata moja.

Haya hayaponi kwa kusomwa. Yanapona kwa maswali 20 kila siku, bila kikokotoo, saa ikiwa mezani, kwa dakika 24. Pamoja na hayo, ziingize kichwani jedwali la kuzidisha hadi 12, namba mraba hadi 15, na sehemu zinazorudirudi: 1/8 ni asilimia 12.5, 3/8 ni 37.5, 1/6 ni karibu 16.7. Mkono unaanza kuwa mwepesi baada ya wiki ya pili au ya tatu, si kabla. Kwa hiyo hesabu haiwezi kuachwa hadi mwisho. Na kwa kuwa nusu ya maswali ya mashine na ya umeme huishia kwenye kuzidisha na kugawanya, udhaifu wa hesabu unakufuata hadi huko.

Mashine: kanuni chache, malipo ya haraka

Hapa ndipo tunapoona watu wakiacha alama nyingi bila sababu. Maarifa ya mashine yanaonekana kama mambo ya watu wa gereji, lakini ukiyakusanya ni kanuni kama saba, na kila moja inaeleweka kwa jioni moja. Tutakaa hapa zaidi kwa sababu vitabu vingi vya maandalizi vinapita haraka.

Nyenzo kwanza, yaani mti au chuma kinachogeukia kwenye nukta moja, iitwayo egemeo. Jitihada (nguvu unayotia) zidisha umbali wake kutoka kwenye egemeo ni sawa na mzigo zidisha umbali wake kutoka kwenye egemeo. Chukua toroli: mzigo wa kilo 80 umekaa sentimeta 50 kutoka kwenye ekseli ya gurudumu, na mishikio iko sentimeta 125 kutoka kwenye ekseli hiyohiyo. 80 × 50 ni 4,000, gawanya kwa 125, mikono inainua uzito wa kilo 32. Kosa la kila siku ni kupima umbali wa mikono kutoka kwenye mzigo, sentimeta 75, na kupata kilo 53. Egemeo ni ekseli, na vipimo vyote viwili vinaanzia hapo. Toroli ni nyenzo daraja la pili, mzigo uko katikati. Mkasi na mzani wa mikono miwili ni daraja la kwanza, egemeo liko katikati. Kibanio ni daraja la tatu, jitihada iko katikati, na hicho hakikupunguzii kazi ya mkono, kinakupa mwendo mrefu zaidi kwenye ncha.

Roda, yaani magurudumu yanayopitisha kamba, zinaamuliwa kwa kuhesabu kamba zinazoubeba mzigo. Roda moja iliyofungwa juu ya kisima haikupunguzii chochote: ndoo ya lita 20 za maji ina kilo 20, na utavuta kwa uzito wa kilo 20. Faida yake ni kwamba unavuta kuelekea chini badala ya kunyanyua. Roda ikining'inia pamoja na mzigo, kamba mbili zinaugawana, unavuta uzito wa kilo 10, lakini ili ndoo ipande mita 1 unavuta kamba mita 2. Hapa mashine haikupi bure, inakubadilishia nguvu kwa umbali. Kosa linalotokea kwenye mchoro ni kuhesabu na ile kamba ya mkononi. Kama inashuka kutoka kwenye roda ya juu, usiihesabu, haibebi mzigo. Kama inapanda moja kwa moja kutoka kwenye roda inayosogea, ihesabu. Kata mchoro kwa mstari wa penseli juu kidogo ya roda inayosogea, halafu hesabu kamba zilizokatwa zinazoivuta roda hiyo kwenda juu. Njia hiyo haikosei.

Kwa mikanda na gia, fikiria kinu cha kukamua alizeti kama vile vilivyotapakaa Dodoma na Singida. Mota inazunguka mara 1,440 kwa dakika na puli yake ina kipenyo cha milimita 100. Puli ya kinu ni milimita 400. Kinu kitazunguka mara 360 kwa dakika, robo ya mwendo wa mota, lakini kwa nguvu ya kuzungusha inayokaribia mara nne, ukiacha inayopotea kwenye msuguano. Fundi akiweka puli kubwa zaidi kwenye mota ili kinu kikimbie, mota inalemewa na kupata moto. Mtihani unaliuliza hilo kwa sura nyingine: gari likipanda mlima, kwa nini dereva anashusha gia? Jibu ni lilelile: anapunguza mwendo ili apate nguvu ya kuzungusha.

Upande wa kuzunguka: gia mbili zinazoumana zinageuka kinyume, puli mbili za mkanda wa kawaida zinageuka upande mmoja, na mkanda ukipishanishwa msalaba zinageuka kinyume. Ukiona mlolongo wa gia, hesabu tu: ya kwanza, ya tatu na ya tano zinakwenda upande mmoja. Gia ya kati haibadilishi idadi ya mizunguko ya ile ya mwisho. Gia ya meno 20, halafu 35, halafu 40: ya kwanza ikizunguka mara 100, ya mwisho inazunguka mara 50. Ile 35 imewekwa kubadilisha upande wa mzunguko, na kwenye mtihani imewekwa ili uiingize kwenye hesabu.

Jeki ya maji au mafuta ndiyo inayokamata watu wengi. Pistoni ndogo ina kipenyo cha sentimeta 2, kubwa ina sentimeta 10. Ukisukuma ndogo kwa nguvu (kani) ya nyutoni 100, kubwa inainua ngapi? Anayejibu 500 amelinganisha vipenyo. Kanieneo ni kani kugawanywa kwa eneo, na eneo hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe: 5 × 5 ni 25. Jibu ni nyutoni 2,500, na pistoni ndogo inashuka sentimeta 25 ili kubwa ipande sentimeta 1. Ndiyo maana mpini wa jeki unapigwa mara nyingi sana gari likipanda kidogo kidogo.

Kuhusu maji kwenye tangi, kanieneo hutokana na kina, si upana. Simtanki mbili, moja nene na moja nyembamba, maji yakiwa kimo kimoja, zinasukuma bomba la chini kwa kanieneo ileile, hata kama moja ina lita 5,000 na nyingine 500. Kila mita 10 za maji zinaleta takribani baa moja (kipimo cha kanieneo), kwa hiyo tangi lenye maji kimo cha mita 3 juu ya bomba la bafuni linakupa baa 0.3 tu. Mwenye nyumba anayenunua tangi pana zaidi ili maji yatoke kwa nguvu amepoteza fedha. Alitakiwa kuinua mnara.

Pampu ya kuvuta nayo ina swali lake. Pampu iliyokaa juu ya ardhi haivuti maji, inaondoa hewa kwenye bomba, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Usawa wa bahari kikomo ni karibu mita 10. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, kikomo kinashuka hadi mita 9 hivi, na pampu halisi huanza kushindwa kwenye mita 6 au 7. Kisima kirefu kinahitaji pampu inayozamishwa ndani, ambayo kazi yake ni kusukuma kutoka chini.

Majina ya vifaa pia huulizwa, mara nyingi kwa picha: jiriwa, tindo, keekee, timazi, pimamaji, spana ya pete na spana mdomo wazi. Nati za kawaida zinakazwa kwa kufuata mshale wa saa. Pedeli ya kushoto ya baiskeli ni kinyume, ili isijifungue yenyewe unapokanyaga. Kwa aliyekulia mbali na vifaa, saa mbili za kusimama kwenye gereji ya mtaani na kutazama jeki, mkanda wa mota na sanduku la gia lililofunguliwa zina faida kuliko kurasa 40. Omba ruhusa, nenda asubuhi kabla kazi hazijashika kasi.

Sayansi: pana, kwa hiyo ipunguze

Ukiichukua sayansi nzima kuanzia mfumo wa chakula hadi sayari, wiki sita hazitoshi na utasahau nusu. Chagua kwa kufuata kazi unayoomba. Kwa kazi za ufundi, umeme na joto vitangulie. Maada, asidi na besi, kutu na mwako vifuate. Mwili wa binadamu na mimea visome kwa ufupi, isipokuwa kama nafasi ni ya afya au kilimo.

Umeme una mahesabu machache na yanajirudia. Wati ni volti zidisha amperi. Kwetu umeme wa nyumbani ni volti 230, kwa hiyo hita ya wati 2,300 inavuta amperi 10, na fyuzi ya amperi 5 ingekatika. Uniti unayonunua ya LUKU ni kilowati moja kwa saa moja: birika la wati 2,000 likichemka dakika 15 limekula nusu uniti. Vikinzani (vifaa vinavyozuia mkondo wa umeme) viwili vya omu 6 vikiunganishwa kwa mfululizo ni omu 12, vikiunganishwa sambamba ni omu 3. Jibu la sambamba lazima liwe dogo kuliko kikinzani kidogo kuliko vyote. Likizidi, umejumlisha tu. Taa za nyumbani zimefungwa sambamba, na ndiyo maana ya sebuleni ikiungua ya jikoni haizimiki.

Kwenye joto, Dodoma yenyewe ni maabara. Maji hapa huchemka karibu na nyuzi 96 za Selsiasi kwa sababu ya mwinuko, na maharage yanachukua muda zaidi kuliko Dar es Salaam. Sufuria ya presha inaongeza kanieneo, maji yanachemka kwenye nyuzi zaidi ya 100, maharage yanawahi kuiva. Lakini swali likisema "usawa wa bahari", jibu ni 100, usilete ya Dodoma. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji yanayopenya nje yanavukizwa na kuondoka na joto, na hupoza zaidi hapa kwa kuwa hewa ni kavu. Reli ya zamani ina nafasi ndogo kwenye maungio ili chuma kikitanuka juani kisipinde. Chuma hupata kutu kwa maji na oksijeni pamoja, na chumvi huharakisha, ndiyo sababu bati la pwani huoza mapema kuliko la huku.

Tenganisha tungamo na uzito, maana mtihani unapenda kuvichanganya. Tungamo ni kilo, uzito ni nyutoni. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa takribani nyutoni 600, ukichukua mvutano wa dunia kuwa nyutoni 10 kwa kila kilo.

Jambo moja la lugha. Shule ya msingi wengi tulifundishwa kani, kanieneo, egemeo na roda, sekondari tukafundishwa yaleyale kwa Kiingereza, na mtihani unaweza kuja kwa Kiingereza. Andika orodha ya istilahi kama 60 kwa lugha zote mbili, upitie dakika tano kila usiku. Kuna watu wanaojua jeki inavyofanya kazi kuliko mtunga swali, lakini wanalikosa swali kwa sababu ya neno moja. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vya darasa la tano hadi la saba na vya kidato cha kwanza na cha pili vinapatikana kwenye maktaba yao ya mtandaoni, na vinatosha kwa orodha hiyo.

Namna ya kuchagua

Jioni ya kwanza, kabla ya kufungua kitabu chochote, jipime. Maswali 10 ya hesabu kwa dakika 12, maswali 10 ya mashine kwa dakika 8, maswali 10 ya sayansi kwa dakika 5. Kisha pembeni ya kila ulichokosa andika herufi: S kama hukujua kabisa, K kama ulijua ukakosea mkono, M kama muda ulikuishia. Alama ulizopata si muhimu sana leo. Herufi ndizo zinazokwambia uanzie wapi.

Ukiona K na M zimejaa, hasa kwenye hesabu, huna haja ya vitabu vipya, unahitaji mazoezi ya kila siku ukijipima kwa saa. S zikijaa kwenye mashine, hiyo ni habari njema, kwa sababu ndizo zinazofutika haraka. S zikijaa kwenye sayansi, usijaribu kuzifuta zote.

Kwa mtu wa kawaida mwenye wiki sita na saa moja na nusu kwa siku, msimamo wetu ni huu: hesabu dakika 40 kila siku bila kuruka hata moja, na dakika 50 zinazobaki ziende kwa mashine wiki tatu za kwanza, sayansi wiki mbili zinazofuata, na majaribio ya kuchanganya wiki ya mwisho. Hesabu inapata saa 28, mashine 17 na nusu, sayansi karibu 12. Watakaoshangaa kuiona sayansi ikipata kidogo wakumbuke kwamba nusu yake, yaani kani, kanieneo na nishati, tayari imo ndani ya mashine.

Mpangilio huo haumfai kila mtu. Aliyefanya kazi gereji miaka kadhaa ana mashine mikononi tayari. Yeye azigeuze kuwa michoro na istilahi kwa siku nne tu, muda uliobaki aupeleke kwenye sehemu na asilimia, ambako ndiko mara nyingi anaanguka. Aliyetoka kidato cha sita na fizikia hujiamini, lakini huchelewa: anaandika milinganyo mitatu kwa swali la roda linalotaka kuhesabu kamba. Dawa yake ni saa, si kitabu. Aliyesoma masomo ya sanaa aanze na mashine kabla ya yote, kwa sababu atayaona matokeo ndani ya wiki moja na moyo wa kuendelea na hesabu utapatikana hapo.

Na kama zimebaki siku kumi tu? Mashine siku nne, umeme na joto siku tatu, siku zinazobaki majaribio mchanganyiko. Hesabu kila siku, lakini bana: asilimia, uwiano, mwendokasi na eneo. Mlinganyo wenye x uache.

Siku yenyewe, kama maswali yamechanganywa kwenye karatasi moja, pita mara ya kwanza ukijibu ya sayansi na ya mchoro yasiyohitaji kukokotoa, rudi kwa ya mashine yenye hesabu, malizia na mafumbo marefu. Ukiruka swali, ruka na mstari wake kwenye karatasi ya majibu, na kila baada ya maswali matano hakikisha namba ya swali na namba ya mstari zinalingana.